Jina la Asili la Mbwa: Uhakiki wa Orodha na Desturi

Swali la jina la mbwa laonekana kuwa dogo, nalo aghalabu hupitwa na wachunguzi wa lugha kama jambo lisilostahili wino. Majina ya watu yameandikiwa vitabu, majina ya miji na ya mito yamekusanywa, na majina ya kanga yamepata wachunguzi wake. Mbwa ameachwa nje ya mlango, kama ilivyo desturi yake katika pwani. Hata hivyo swali lenyewe halikosi kuulizwa. Mtu wa mjini apatapo mtoto wa mbwa, akiwa ni mwenye kuipenda lugha yake, hatosheki na jina lolote litakalomjia ulimini. Ataka jina la asili, jina la Kiswahili hasa, lenye heshima ya zamani. Jibu atakalopewa laweza kuwa jema au kuwa potofu, na upotofu wake hauishii kwa mbwa. Huwafikia majirani, na huyafikia maneno yenyewe.

Majibu yaliyo mengi leo yatoka katika orodha. Orodha hizo hutungwa zaidi kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo, nazo huitwa orodha za majina ya Kiswahili yafaayo mbwa. Humo hupatikana Simba na Duma, na pamoja nao Rafiki, Malaika, Imani, Jabari, Zuri na hata Asante. Kila neno limeandikiwa maana yake kando, na maana hiyo ni njema daima. Hapana awezaye kukana kwamba maneno hayo ni ya Kiswahili. Lakini watungaji wamedhani kuwa neno likiwa la Kiswahili, na maana yake ikipendeza, basi limekwisha kuwa jina la Kiswahili la mbwa. Dhana hiyo yastahili kupimwa, kwa kuwa desturi ya Waswahili yafuata kipimo kingine: jina la mbwa ni neno litakalopigiwa ukelele hadharani, mara kwa mapenzi na mara kwa hasira, na uhalali wake watokana na adabu ya kulitaja mbele ya watu walio karibu.

Na tuanze na sarufi, maana hapo kosa ni jepesi kuonekana. Neno "zuri" katika orodha hizi limetolewa kama neno kamili. Katika Kiswahili hilo ni shina la kivumishi, nalo huhitaji kiambishi cha nomino linayoifuata: mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, mbwa mzuri. Nomino za umoja zinazokubali "zuri" tupu ni zile za ngeli ya jina na jicho: jina zuri, jicho zuri, tunda zuri. Basi amwitaye mbwa wake Zuri, kama sarufi itafuatwa kwa ukali, amekwisha kumtoa katika "mbwa" na kumtia katika "jibwa", kwa kuwa ni jibwa peke yake liwezalo kuwa zuri. Aliyetaka kumsifu mnyama wake kwa wema amemkuza kuwa dubwana. Asante nayo ni neno la shukrani. Halikupata kuwa jina la kiumbe, na aitwaye kwa neno hilo hana njia ya kujua kama ameitwa au ameshukuriwa.

Makosa hayo ya sarufi yachekesha tu. Makosa ya adabu ni mazito zaidi. Neno Malaika latosha kuwa mfano. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo iliyo mashuhuri sana pwani, ya kwamba malaika hawaingii katika nyumba iliyo na mbwa. Mtoto wa chuoni aijua kabla hajahitimu. Basi mtu asimamaye mlangoni mwake katika mtaa wa Waislamu, akaita "Malaika!" na mbwa akaja mbio akaingia ndani, ametamka maneno ambayo majirani watayasikia kuwa dhihaka ya makusudi. Huenda hakukusudia, lakini neno halimwulizi mwenyewe nia yake kabla ya kufika masikioni mwa watu. Jabari, kadhalika, lasifiwa katika orodha kuwa maana yake ni shujaa. Maana hiyo ipo, na wapo watu wenye jina hilo. Ila asili yake ni neno la Kiarabu lililomo katika majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu, na ndiyo sababu Mwislamu huitwa Abdul Jabbar, yaani mja wa Jabbar. Imani nayo ni dini ya mtu moyoni mwake, na ni jina la binti wa Kiislamu na wa Kikristo sawasawa.

Hapa yafaa kukumbuka mahali penyewe panapoitiwa jina. Kariakoo ilijengwa kwa nyumba ambazo wenyewe huziita nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma ambako wapangaji wote hupika, hufua na huzungumza. Nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha bomolewa, na magorofa yamesimama mahali pake. Walakini sauti husikika ngazini kama ilivyokuwa ikisikika uani. Katika makao ya namna hiyo jina halina siri. Mpangaji mmoja akiita "Imani, toka hapa!" na mpangaji wa chumba cha pili ana binti aitwaye Imani, ni nani atakayegeuka? Na mbwa akipigwa teke, ni jina la nani lililopigwa? Mtungaji wa orodha aliyeko mbali, katika nyumba yenye ua na bustani, halioni jambo hili. Kwake jina ni la mbwa na mwenyewe tu. Katika nyumba ya Kariakoo jina ni la wote walio na masikio.

Yaweza kusemwa kwa kupinga kwamba ugumu huu watokana na chuki ya Waswahili kwa mbwa, na kwamba mtu aichukiaye dabbi hana la kufundisha juu ya jina lake. Pingamizi hii yachanganya unajisi na chuki. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Hiyo ni sheria ya tohara. Lakini Kurani yenyewe, katika sura ya tano, yahalalisha nyama iliyokamatwa na mbwa waliofundishwa kuwinda, na wanazuoni huruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Wasasi wa Unguja na Pemba wamewinda nguruwe mwitu kwa mbwa, nao ni Waislamu. Methali isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia isingetungwa na watu wasiomjua mbwa kazini. Methali hiyo yampa mbwa heshima ya bwana wake: sifa ya mmoja yahamia kwa mwingine.

Zaidi ya hayo, mapokeo ya Kiislamu yana mbwa mmoja mwenye jina na cheo. Katika sura ya 18, Sura ya Pango, vijana waliokimbia dhuluma wamelala miaka mingi, na mbwa wao amelala kizingitini pamoja nao. Kurani haikumtaja kwa jina. Wafasiri ndio waliomwita Qitmir, ambalo kwa matamshi ya pwani lingekuwa Kitmiri. Neno hilohilo limo katika sura ya 35 kwa maana ya utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende, kitu kidogo kuliko vyote ambacho mtu aweza kudai kuwa ni mali yake. Jina hilo la unyonge likaja kuwa jina la mbwa anayetajwa kwa heshima. Atafutaye jina la kale kwa mbwa wake, lenye nasaba ya kitabu na lisilomkosea mtu, analo hapo. Ni ajabu kwamba orodha, zilizojaa malaika na imani, mara nyingi hazimkumbuki mbwa wa pangoni.

Mpaka kati ya mtu na mbwa waonekana pia katika fasihi ya Kiswahili, na ushahidi bora ni wa Shaaban Robert. Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka wa 1952, ni hadithi ya mtu mwema na ndugu zake wawili wabaya ambao jini amewageuza wanyama, na ambao yeye huamrishwa kuwapiga kila usiku. Asili ya kisa ni katika Alfu Lela Ulela, hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra wakati wa Harun al-Rashid. Humo ndugu wawili, Nasir na Mansur, hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert alihifadhi jini, mjeledi, usiku na machozi ya mpigaji, mbwa hakuwahifadhi. Katika kitabu chake Hasidi na Mwivu wamekuwa manyani.

Badiliko hilo halikosi maana, kwa kuwa mwandishi aliyeshika umbo la kisa kwa uaminifu kiasi hicho habadilishi kiungo kikubwa bila sababu. Nyani, kwa msomaji wa Kiswahili, ni mwizi wa shamba na kichekesho cha umbo la binadamu. Mtu akigeuzwa nyani ameshushwa daraja moja. Akigeuzwa mbwa ameshushwa na pia ametiwa unajisi, na nduguye ambaye kila usiku hana budi kuwashika na kuwahurumia angekuwa daima katika kutawadha. Kisa cha huruma kingezuiliwa na sheria ya tohara. Tena angalieni majina. Nasir na Mansur ni majina ya watu, yenye maana ya nusura na ushindi. Shaaban Robert aliyaondoa, akaweka Hasidi na Mwivu, ambayo ni majina ya maovu yenyewe. Hivyo hakuna jina la Mwislamu mwema lililofungwa katika mnyororo wa mnyama. Adabu ileile inayomzuia mpangaji wa Kariakoo asimwite mbwa Imani yafanya kazi katika kalamu ya mwandishi mkubwa, tena kimya kimya, bila ya kutangazwa.

Jambo la tatu la kutazamwa ni jina la mbwa kama ujumbe. Katika sehemu nyingi za Afrika mbwa hupewa jina ili kumsema mtu. Wendy Schottman, katika makala yake ya mwaka wa 1993, alieleza jinsi Wabaatombu wa kaskazini ya Benin wanavyowapa mbwa majina yaliyo methali au vipande vya methali. Mwenye kinyongo humwita mbwa wake wakati jirani apitapo, na jirani husikia alichoambiwa. Liveson Tatira aliandika mwaka wa 2004 juu ya desturi ya namna hiyo kwa Washona wa Zimbabwe, ambako jina la mbwa ni mazungumzo yasiyosemwa kati ya watu wasioweza kuambiana ana kwa ana. Kwa hiyo mtu aweza kuuliza: je, Waswahili, ambao ni mashuhuri kwa mafumbo, walikosaje kumtumia mbwa kwa kazi hii?

Jibu lapatikana kwa kutoka Mnazi Mmoja na kushika Mtaa wa Uhuru, ule uliokuwa ukiitwa Kichwele zamani za Waingereza. Hapo maduka ya kanga yamepangana, na kanga zatundikwa milangoni. Kanga ina pindo, ina mji, na katika mji lipo andiko, nalo andiko hilo huitwa jina. Mnunuzi huuliza, "Hii jina lake nani?" kana kwamba anauliza habari za kiumbe. Desturi ya kutia maneno ilianza katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi, na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, husifiwa kuwa miongoni mwa walioieneza. Mwanamke mwenye neno na mwenziwe huvaa kanga yenye jina linalofaa, akapita nayo. Akiulizwa, husema aliipendea rangi. Mbaatombu naye akiulizwa husema alikuwa akimwita mbwa wake tu. Kinga ya msemaji ni moja katika desturi zote mbili: aliyeumia hawezi kulalamika bila ya kukiri kwamba fumbo limempata.

Tofauti ni katika kichukuzi. Fumbo hulazimika kufika mahali pote wanapokutana watu: ndani, arusini, msibani, sokoni. Mbwa wa mji wa pwani hafiki huko, na methali yatahadharisha kwamba acheza na mbwa mwisho wake ataingia naye msikitini. Kanga hufika kote. Basi kazi ambayo kwa Washona na Wabaatombu hufanywa na jina la mbwa, kwa Waswahili hufanywa na jina la nguo. Mbwa amepunguziwa mzigo, na jina lake limebaki kuwa la wito tu. Hili ni jambo la kuangaliwa sana na wale wanaoshauri kwamba, kwa ajili ya uasili wa Kiafrika, mbwa wa Kiswahili apewe methali kuwa jina. Ushauri huo wachukua desturi ya watu wengine na kuibandika hapa. Mtu wa Kariakoo aliyetoka bara aweza kuwa na desturi hiyo katika lugha ya kwao, na hakuna wa kumkataza. Lakini haifai kuiita ya Kiswahili.

Ikiwa jina la mbwa katika Kiswahili ni la wito, basi yafaa kutazama majina yanayoitwa kweli. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kama katika miji mingi ya Tanzania, yasikikayo sana ni ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wanyama wakali: Simba na Chui. Kundi la pili ni la Kiingereza kilichovaa mavazi ya Kiswahili: Tomi, Bobi, Jeki, Popi. Watafutaji wa asili hulipokea kundi la kwanza kwa furaha na kulikataa la pili kwa aibu. Mchunguzi wa lugha hana budi kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki.

Majina ya makundi yote mawili yana silabi mbili. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili toka mwisho. Katika neno la silabi mbili huja mwanzoni, na sauti ya mwitaji hugonga hapo kisha huvutwa katika irabu ya mwisho hata mwisho wa uchochoro. Simba na Tomi, kwa kipimo cha wito, ni ndugu. Majina ya Kiingereza yaliyokuwa na umbo hilo yaliingia bila taabu. Tommy na Bobby hayakudai ila kuandikwa upya. Jack lilikuwa na konsonanti mwishoni, likapewa irabu, na irabu yake ya ndani ikawa e. Ni njia ileile iliyolifanya bank kuwa benki. Hapakuwa na mtu aliyekaa akalifanya kwa makusudi. Lugha ilifuata kanuni zake, kama inavyozifuata kwa kila mgeni anayekaa sana.

Ushahidi mkubwa wa kanuni hiyo ni jina la mtaa wenyewe. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka wa 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa mahali palipokuwa pamejengwa soko, na kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kwa vinywa vya wenyeji likawa Kariakoo, neno la silabi tano lenye mkazo mahali pake barabara. Leo hakuna aonaye ugeni ndani yake. Ni jina la soko lililojengwa upya katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, ni jina la mtaa, ni jina la maisha ya namna fulani. Kando yake ni Mnazi Mmoja, jina ambalo kila kipande chake ni cha Kibantu, lakini uwanja wenyewe uliachwa wazi na watawala wa kikoloni ili kuwatenga wakazi wa Kiafrika wa Kariakoo na sehemu za Wahindi na Wazungu. Majina haya mawili yakiwekwa pamoja yafundisha jambo: neno la asili laweza kuitwa mahali palipopangwa na mgeni, na neno la mgeni laweza kuwa kitambulisho cha mwenyeji. Aliyekubali kuishi Kariakoo bila aibu hana hoja ya kumwonea mbwa aibu kwa kuitwa Jeki.

Hata hivyo kipimo cha adabu chapaswa kutumiwa na hapa pia, tena bila upendeleo. Tomi, Bobi na Jeki ni majina ya watu huko yalikotoka. Katika uani wa Kariakoo hayakumkosea mtu kwa sababu hapakuwa na jirani mwenye majina hayo. Heshima ilihifadhiwa kwa umbali. Umbali huo umepungua. Wapo sasa vijana waitwao Tomi kwa kufupisha Tomasi, na wapo akina Jeki. Jina lililokuwa halali katika uani wa mwaka wa 1950 laweza kuwa tusi katika uani wa leo, ingawa neno halikubadilika hata herufi. Hapa ndipo orodha, iwe nzuri namna gani, hukosa uwezo. Orodha yajua maana ya neno. Haijui ni nani aishiye chumba cha pili.

Simba nalo, ambalo wote hulipokea, lapimwa vivyo hivyo. Nguvu yake yajulikana: lampandisha mbwa cheo kwa kumwazima jina la mnyama mkubwa, na halivuki mpaka wa wanyama na watu. Lakini katika Kariakoo neno hilo lina mzigo wake. Klabu ya kandanda iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilichukua jina la Simba mwaka wa 1971, na makao yake ni Mtaa wa Msimbazi. Wapinzani wao, Yanga, hawako mbali. Amwitaye mbwa wake Simba katika mitaa hiyo hana budi kujua kwamba wako watakaosikia mapenzi na wako watakaosikia kejeli, hasa siku ya pili baada ya mechi. Kwa mlango huo fumbo, lililohamia katika kanga, larudi kumtafuta mbwa.

Limebaki neno moja lililosafiri mbali kuliko yote, nalo laonyesha hatari ya kuyaachia maneno yaende bila adabu yake. Mbwa wadogo wa Kongo, wasiobweka kama wenzao bali kutoa sauti ya kuimba, walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka wa 1937, na aina yao yajulikana duniani kwa jina la Basenji. Neno hilo ni la asili moja na "washenzi" ya Kiswahili, kwa kiambishi cha lugha za Kongo. Maana yake ilikuwa mbwa wa washenzi: tusi la wenye kujiona wastaarabu, lililoelekezwa kwa wenye mbwa. Leo latamkwa kwa fahari na watu wasiojua lilimtukana nani. Na katika filamu ya mwaka wa 1994 ambayo ndiyo iliyolieneza jina la Simba kwa wafugaji wa Marekani, na ambayo ndani yake Rafiki ni nyani, yumo fisi aitwaye Shenzi. Mtu wa ng'ambo husikia katika majina hayo sauti nzuri ya Afrika. Mswahili husikia neno ambalo babu yake aliitwa, au ambalo babu yake aliwaita wengine.

Basi mtu anayetafuta jina la asili kwa mbwa wake aweza kupewa vipimo vitatu badala ya orodha. Cha kwanza ni cha sikio: neno na liwe fupi, lenye irabu ya kuvutwa, lisilofanana na amri wala na shukrani. Cha pili ni cha lugha: neno na liwe zima kwa sarufi yake, maana kivumishi kisicho na kiambishi si jina. Cha tatu, ambacho ndicho kikubwa, ni cha jirani: jina na liwe ambalo mwenye nyumba aweza kulipigia ukelele kwa hasira, saa sita za usiku, bila ya kulitukana la mtu, la dini au la kabila. Kwa vipimo hivyo Chui na Duma yapita bila swali. Simba yapita, ila mwenyewe aitazame ratiba ya ligi. Kitmiri ina silabi moja ya ziada, lakini yapita kwa heshima. Doria, ambalo ni jina la kazi yake ya usiku, lafaa, ingawa halijazoeleka. Tomi na Jeki yapita mahali ambapo hapana Tomi na Jeki wa miguu miwili. Malaika, Imani na Jabari yarudishwe kwa wenyewe.

Kwa yule ambaye baada ya yote hayo bado hakupata jina, mji wenyewe una ada yake. Kwenye malango mengi ya Dar es Salaam limeandikwa tangazo la maneno mawili, mbwa mkali. Halimtaji mbwa kwa jina, nalo latumia kivumishi kilekile ambacho methali ilikitumia kwa msasi na mbwa wake. Mpita njia akilisoma hujifunza habari za mbwa, na pengine habari za mwenye nyumba pia.